Mafundi Walipwe kwa Kutafuta Ugonjwa

Kuna jambo limenikera kwa muda mrefu, na leo naomba ruhusa ya wasomaji nilitoe moyoni. Mtu ana gari kuukuu la fahari, tuseme Mercedes-Benz ya ule muundo wa W123, ambao kiwanda kiliutengeneza tangu mwishoni mwa 1975 hadi mwanzoni mwa 1986, yakatoka magari karibu milioni 2.7. Magari ya kampuni hiyo ndiyo yaliyotuzalia lile jina la Wabenzi. Wengi wa wakubwa wale wameshatutoka, na magari yamebaki mikononi mwa watoto wao. Basi asubuhi moja mwenye gari afunga mlango wa dereva kwa ufunguo, na ile milango mitatu mingine, ambayo hupaswa kujifunga yenyewe, yakaa kimya. Apeleka gari kwa makanika. Makanika atazama dakika tano, apangusa mikono, asema: "Bwana mkubwa, vitasa vimekufa. Toa pesa tukatafute vingine."

Hapo ndipo ninapokataa. Vitasa hivyo havikufa, wala si ajabu kwamba havijaguswa kabisa na huo ugonjwa.

Gari hilo halifungi milango kwa umeme kama magari ya leo. Hufunga kwa kunyonya hewa. Injini ya petroli hunyonya hewa yenyewe inapozunguka. Ya dizeli imepewa pampu yake ya kazi hiyo. Mnyonyo huo huwekwa akiba katika tangi dogo, ndiyo maana gari zima huweza kufunga na kufungua milango mara kadhaa hata injini ikiwa imezimwa. Kutoka hapo huenda kwenye swichi iliyo ndani ya mlango wa dereva, kisha hugawanyika katika mirija miwili myembamba, mmoja wa kufunga na mmoja wa kufungua. Katika kila mlango uliobaki, katika buti na penye kifuniko cha tangi la mafuta, mna kikopo chenye kiwambo cha mpira. Kiwambo kikivutwa, kitasa hufuata. Sasa msomaji anieleze: mpira uliokaa ndani ya mlango miaka 40, katika jua na vumbi la nchi hii, utakuwaje? Hukauka, ukapasuka, na hewa ikaingia.

Fundi mwenye subira huanza kwa kuuliza kabla ya kushika bisibisi. Je, milango hujifunga injini ikinguruma lakini hugoma ikizimwa? Basi kuna mahali panapovuja, au akiba haikai tangini. Je, hufunga vizuri lakini haifungui? Basi atazame ule mrija wa kufungua na viwambo vya upande wake, auache wa kufunga. Je, ni mlango mmoja tu unaogoma na mingine ni mizima? Huenda mrija umechomoka pale unapopita kwenye bawaba, au grisi ya zamani imeganda kitasani na hata mkono wa mtu wakisukuma kwa shida. Kisha huchomoa mrija mmoja mmoja, akauziba, akajaribu tena, mpaka ampate mwizi. Kazi hiyo haina maajabu. Ila hula saa nyingi.

Na kwa gari la dizeli jambo hili si la milango peke yake. Nilikuwapo siku 240D ya jirani yangu ilipokataa kuzimika. Kijana alizungusha ufunguo, akauchomoa, akautia mfukoni, na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba haikuambiwa neno. Gereji moja ilikuwa imemwambia kwamba pampu ya dizeli imeharibika, na ikamtajia bei ya kumtoa mtu machozi. Akaitwa mzee mmoja fundi. Mzee akafunua boneti, akaizima injini kwa kile kiwiko chenye neno STOP. Akachomoa mrija unaokwenda kwenye vitasa, akauziba kwa kijiti alichokichonga hapo hapo, akamwambia, "Washa, kijana wangu, kisha zima." Injini ikazima mara moja. Kumbe ufunguo wa dizeli hiyo huzima injini kwa mnyonyo ule ule, na mnyonyo ulikuwa ukimalizikia mlangoni. Breki nazo husaidiwa na pampu hiyo hiyo, kwa hiyo asije mtu akasema uvujaji ni mchezo.

Mzee alitumia asubuhi nzima kuusaka mlango wenye kasoro. Ulikuwa wa nyuma, mkono wa kushoto, kiwambo kimepasuka ufa usiotimiza urefu wa ukucha. Akataka shilingi 3,000 za kazi yake. Kijana akaruka: "Mzee, elfu tatu kwa kuziba mrija?"

Nasema bila kuficha kwamba kosa hapa ni letu sisi wateja. Tunamlipa fundi kwa chuma tunachokiona mkononi mwake, katika karatasi ya duka la Barabara ya Kirinyaga. Saa alizotumia kufikiri hatuzihesabu. Matokeo yake ni kwamba fundi mwerevu hujifunza upesi kuwa kusema "vitasa vimekufa" kunalipa zaidi kuliko kusema ukweli. Tumemfundisha uongo, kisha twamwita mwongo.

Wako wanaonijibu kwamba dawa ni kung'oa mfumo wote na kutia vitasa vya umeme vya bei nafuu. Gari ni lao, sitawazuia. Lakini wengine huacha mirija ya zamani wazi huko ndani, na dizeli yao ikaendelea kukataa kuzimika, nao wakaapa kwamba gari lina pepo.

Mzee yule alipewa shilingi 1,500. Alizikunja, akakusanya bisibisi zake katika kile kitambaa cheusi, akaaga kwa adabu. Kikopo kipya kilipopatikana kijana alimpigia simu aje akifunge. Amempigia mara tatu sasa. Ile 240D ingali na kijiti mrijani, na milango mitatu yafungwa kwa mkono.