Vyombo vya Bibi Si Mapambo ya Sebule



Baada ya kumshukuru Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) na kumswalia Mtume Wake, tunayaelekeza maneno haya kwa wazazi, kwa vijana wanaojiandaa kuoa na kuolewa, na kwa wanafunzi wetu wa hapa Kinanira na mitaa mingine ya Bujumbura. Tunajua yatawaudhi baadhi ya watu. Lakini nasaha isiyomgusa mtu si nasaha.

Kuna maradhi mawili yameingia majumbani mwetu. La kwanza ni la wale wanaoona haya kutumia chombo cha zamani. Cherehani ya bibi bado inashona vizuri, lakini inauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ili nafasi yake ikae meza ya televisheni. Pasi ya mkaa inatupwa uani ipate kutu. Saa ya ukutani ya kutia ufunguo inapelekwa stoo kwa sababu tu haina betri.

La pili limekuja nyuma yake, na kwa mbali linafanana na dawa ya lile la kwanza. Ni la wale wanaovitafuta vyombo vya zamani kwa bidii, wanavinunua kwa bei kubwa, wanavisugua mpaka vinang'aa, kisha wanavipanga juu ya kabati la sebuleni ili wageni wavitazame. Haviguswi. Mtoto akivikaribia anapigiwa kelele. Wa kwanza amekitupa chombo, wa pili amekizika kikiwa hai. Wote wawili wamekinyima kazi yake.

Sisi tunasema chombo ni cha kazi. Kikiwa kizima kitumike. Kikiharibika kitengenezwe. Jirani akikihitaji aazimwe. Kikiwa hatari kiondoke nyumbani. Yasiyokuwa hayo ni israfu au ni riyaa.

AIBU HII IMETOKA WAPI?

Wenye umri wa kutosha wanakumbuka. Tarehe 31 Julai 1996, viongozi wa nchi za jirani walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, siku chache baada ya mapinduzi ya mwezi ule. Vikwazo hivyo havikusimamishwa mpaka Januari 1999. Kwa miaka miwili na nusu, kupata kipuri kutoka nje ilikuwa shida. Siku zile hakuna aliyemcheka jirani mwenye cherehani ya kukanyaga. Watu walimfuata. Na fundi aliyeweza kufufua redio au kuziba birika lililotoboka alikuwa mtu mwenye heshima mtaani.

Buyenzi, mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili katika mji huu tangu enzi za Wabelgiji, ulijipatia jina kwa mafundi wake. Huko kitu hakitupwi mpaka kifunguliwe na kuangaliwa ndani. Elimu hiyo ilipatikana kwa kukaa na fundi miaka mingi, kijana akimshikia bisibisi. Leo tukiwaambia watoto wetu kwamba chombo kikiharibika dawa yake ni dukani, tunawafungia vijana mlango wa riziki ya halali, kisha tunakaa barazani tukilalamika kwamba hawana kazi.

Na wafanyabiashara nao hawalali. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu yalikaa pamoja huko Geneva, na katika makubaliano yao wakaamua maisha ya balbu yawe saa 1,000 tu, hali walikuwa na uwezo wa kutengeneza zinazodumu zaidi. Lengo lilikuwa mnunuzi arudi dukani mapema. Anayedhani kila kipya ni bora kuliko cha zamani aanze kwa kuisoma habari hiyo.

Ajabu ni kwamba wenyewe wa huko wameanza kurudi tulikotoka. Amsterdam, mwaka 2009, watu walianza kukutana ili watengenezeane vyombo vilivyoharibika badala ya kuvitupa. Ufaransa tangu mwaka 2021 inawataka wauzaji wa baadhi ya vifaa vya umeme kumwonyesha mnunuzi alama ya jinsi chombo kinavyotengenezeka. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa mwaka 2024. Je, tusubiri mambo ya Buyenzi yaje kutoka Ulaya ndipo tuyaheshimu?

DINI INASEMAJE?

Katika Suuratul-Israa, aya ya 26 na ya 27, tumekatazwa ubadhirifu, na wabadhirifu wamehesabiwa kuwa ndugu wa mashetani. Tunaisoma aya hiyo kwenye mawaidha ya chakula cha harusi, kisha tunaisahau tunaponunua vyombo. Bibi 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) alipoulizwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Basi aibu ya kutumia kilichotengenezwa tumeitoa wapi?

Sasa tuwageukie wenye makabati. Suuratul-Maa'uun ina aya saba tu, na watoto wetu wadogo wa madrasa wanaihifadhi. Inamalizikia kwa kuwalaumu wanaozuia maa'uun. Ibn Mas'uud (Radhiya Allaahu 'anhu) na wanachuoni wengine wamelieleza neno hilo kuwa ni vitu ambavyo watu huazimana majumbani, kama chungu, ndoo na shoka. Mwenye pasi nne za mkaa kabatini, na jirani yake ana mtoto anayekwenda shule na sare iliyojikunja kwa sababu umeme umekatika, ajiulize sura hiyo inamsema nani. Na aliyeazima naye ana wajibu wake. Akitunze chombo, akirudishe kwa wakati, na akikiharibu kwa uzembe alipe.

Wapo wanaouliza kuhusu zaka. Chombo unachokitumia nyumbani hakina zaka, hata kikiwa cha thamani. Lakini anayekusanya vyombo vya zamani kwa nia ya kuviuza, hivyo ni bidhaa za biashara. Vikifikia nisabu na mwaka ukapita, atavitia thamani na kutoa asilimia 2.5. Asijifiche nyuma ya neno "kumbukumbu".

CHEREHANI YA MAREHEMU NI YA NANI?

Hapa ndipo dhulma inapoingia, na ndipo tunapotaka kusema kwa ukali zaidi. Bibi anafariki. Kabla tanga halijaondolewa, mjukuu mmoja amechukua cherehani, binti mwingine amebeba mabirika ya shaba, na wote wanasema wanachukua ukumbusho. Hakuna mlango wa mirathi unaoitwa ukumbusho. Kila alichokiacha marehemu ni tarika: yatolewe gharama za mazishi, yalipwe madeni, utekelezwe wasia usiozidi theluthi, kisha kila mrithi apewe fungu lake kama lilivyowekwa katika Suuratun-Nisaa.

Mtu atasema, "Mama aliniambia hii itakuwa yangu." Kama alikupa akiwa hai na mwenye afya, nawe ukaipokea ikawa mikononi mwako, hiyo ni hiba. Kama ilikuwa ahadi tu, na chombo kikabaki kwake mpaka kufa, basi ni mali ya warithi wote. Na cherehani haikatwi vipande. Itiwe thamani, anayeitaka awalipe wenzake mafungu yao, au iuzwe, au warithi waliobaleghe wasamehe kwa ridhaa. Fungu la yatima mdogo halisamehewi na yeyote. Wangapi leo wamepanga sebuleni vyombo ambavyo ndani yake mna haki ya yatima?

TUNAWAJIBU WANAOTUPINGA

Wanasema: vyombo vya zamani vinakula umeme. Tunasema, baadhi ni kweli, na hapo tuko pamoja nao. Friji kuukuu tusilitetee. Mengi yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R12, ambayo ni katika gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na ndizo zilizoshughulikiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Ghana ilianza kutekeleza marufuku ya kuingiza mafriji yaliyokwishatumika mwaka 2013, kwa sababu ya umeme na mazingira. Lakini cherehani ya kukanyaga inakula umeme gani? Kinu na mchi? Mashine ya kusagia nyama ya kuzungusha kwa mkono? Saa ya kutia ufunguo? Hoja ya friji isitumike kuiua cherehani.

Wanasema: pasi ya mkaa inamaliza misitu. Tunajibu kwamba pasi hailazimu kuwashiwa mkaa wake peke yake. Chakula kikishaiva, makaa yaliyobaki jikoni yanatiwa ndani ya pasi, kifuniko kinafungwa, na nguo za nyumba zinanyooshwa kwa moto ambao ungekufa bure. Kukung'uta majivu, kuweka kitambaa chenye unyevu juu ya nguo ili cheche isiitoboe, haya mama zetu waliyajua bila kwenda chuo. Hatari yake ni moshi usioonekana. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua. Kwa hiyo pasi hiyo ni ya barazani au mahali penye upepo, na isiingizwe kabisa katika chumba kilichofungwa.

Wanasema: vipuri havipatikani. Inategemea chombo. Kampuni ya Singer ilianza mwaka 1851, na kiwanda chake kikubwa cha Clydebank, Uskoti, kilifungwa mwaka 1980. Hata hivyo mashine nyingi za nyumbani za zamani zinatumia sindano ile ile inayotumiwa na cherehani nyingi za nyumbani za leo. Mkanda unakatwa kwa ngozi. Mafuta ni matone machache. Mwulizeni fundi yeyote anayeshonea barazani, kisha mwulizeni mwenye blenda ya bei rahisi iliyopasuka gia za plastiki amepata wapi kipuri.

Wanasema mwisho: mnataka kuturudisha nyuma. La. Kandili la mafuta ya taa, kwa mfano, sisi hatulipendi. Limeunguza watoto na kujaza vyumba moshi, na mwanafunzi mwenye taa ya jua anasoma vizuri zaidi. Hatushabikii uzee wa kitu, tunapinga kukihukumu kwa umri wake badala ya kazi yake.

TUANZE NA NINI?

1. Kila nyumba ifungue stoo na itoe kilichomo. Kinachofanya kazi kipewe kazi. Kinachotengenezeka kipelekwe kwa fundi. Kisichohitajika wapewe wanaokihitaji.

2. Chombo cha umeme cha zamani kisichomekwe kabla fundi hajakitazama. Waya wa zamani uliovishwa kitambaa na mpira unapasuka ndani bila kuonekana nje. Baadhi ya pasi na vibaniko vya mkate vya zamani vina asbesto ndani, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu, hivyo vya namna hiyo visifunguliwe nyumbani. Na kabla ya kuchomeka kilichotoka Marekani au Japani, soma kibao chake: vingi ni vya volti 100 au 110, na umeme wetu ni wa 220.

3. Birika au sufuria ya shaba isitumike kwa chakula, hasa chenye ndimu au nyanya, mpaka ipakwe bati upya kwa ndani.

4. Kijana anayeoa asikubali kuingia katika mkopo wa riba kwa sababu ya orodha ya vyombo vipya. Na wazazi wa binti wasiitoe orodha hiyo. Cherehani ya mama iliyosafishwa na kutiwa mafuta ni zawadi ya harusi, tena inaweza kulisha nyumba.

5. Kila mzazi amfundishe mtoto, wa kiume na wa kike, kutengeneza angalau chombo kimoja: kutia uzi na kupanga mshono, kubadilisha mkanda, kufunga plagi kwa usalama. Wakati wa likizo wapelekwe kwa mafundi wakatazame.

6. Ndugu waliokwishachukua vyombo vya marehemu bila mgawanyo wakae na wenzao wayamalize hapa duniani, kabla hayajaulizwa kwingine.

Ndugu zetu, nyumba haitukuki kwa upya wa vyombo vyake wala kwa ukale wake. Inatukuka kwa kazi ya halali inayofanywa kwavyo, na kwa jirani anayebisha hodi kuazima asirudi mikono mitupu. Aliye na chombo juu ya kabati na akiteremshe leo. Kazi ipo.

Wabillaahi tawfiyq.