Utafiti Tunao, Haki Iko Wapi?



Atokaye Kaloleni alfajiri kwenda Burma au Gikomba hahitaji mtaalamu wa kumweleza ni nani aulishaye mji huu. Ni mama mboga, mshona viatu, kijana wa mkokoteni na fundi wa mabati wa Kamukunji. Hata hivyo wataalamu walikuja, na neno lao lastahili kukumbukwa.

Mnamo 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Ilisema bayana kwamba kazi hizi ndogo zina faida na tija, na kwamba serikali huzipuuza, huzibana, na mara nyingine huzivunja moyo. Ripoti hiyo ilieneza duniani jina la “sekta isiyo rasmi”. Sisi twaiita jua kali.

Je, somo lilizingatiwa? Mwaka 1990 vibanda vya Muoroto vilibomolewa kwa nguvu. Mwaka 1992 serikali ile ile ilichapisha Waraka wa Bunge Nambari 2, ikiahidi kustawisha biashara ndogo na jua kali. Mkono uliobomoa ndio ulioandika ahadi.

Miaka ikapita, na sheria ya biashara ndogo ikapitishwa 2012. Lakini uchunguzi wa Shirika la Taifa la Takwimu wa 2016 ulikadiria biashara ndogo na za kati kuwa milioni 7.4, na milioni 5.85 kati yake hazikuwa na leseni. Sheria inayowaacha wengi kiasi hicho nje yake haipunguzi wahalifu; huwaumba. Na mtu ambaye riziki yake hutegemea huruma ya askari wa jiji atalipa hongo leo, na kesho atainamisha kichwa mbele ya mwanasiasa aahidiye kumlinda. Hapo ndipo suala la kibanda linapokuwa suala la demokrasia. Vyama vingi havina maana kwa mpiga kura mwenye hofu.

Tufanye nini? Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 humpa aliyeathiriwa na uamuzi wa serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Leseni za biashara na masoko ni kazi ya kaunti, na ada zake hupangwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla haijapitishwa. Basi vikundi na jumuiya za makanisa zidai mambo matatu: ada zichapishwe kwa Kiswahili, bidhaa zisichukuliwe bila hati yenye sababu, kibanda kisibomolewe bila notisi na mahali pengine pa kufanyia kazi.

Ukumbi wa Kaloleni ulikuwa baraza la siasa za Waafrika enzi za mkoloni. Wazee wetu walijadili humo wakiwa hawana kura. Sisi tulio nayo tuna udhuru gani wa kunyamaza?