Vijana wa Kamere na mchezo uliofungiwa ndani ya klabu

NOVEMBA 1962 mjini Perth, Australia, Seraphino Antao wa Mombasa alishinda mbio za yadi 100 na yadi 220, akaipatia Kenya dhahabu zake za kwanza katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika mashindano hayo hayo, Mwingereza David Bryant, mwalimu kutoka Clevedon, naye alitwaa dhahabu mbili. Yeye hakutoka jasho jingi: alibingirisha tufe kwenye nyasi, mchezo ujulikanao kama lawn bowls.

Antao alistaafu baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Bryant ndio kwanza alikuwa anaanza. Dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja aliinyakua tena 1970, 1974 na 1978. Pengo la 1966 halikuwa kosa lake, kwani mjini Kingston, Jamaica, mchezo huo haukuchezwa. Ubingwa wa dunia aliupata 1966, 1980 na 1988, wa mwisho akiwa na umri wa miaka 56. Alifariki 2020.

Tufe hilo limeumbwa lipinde upande mmoja kadiri linavyopunguza mwendo. Mchezaji sharti akadirie mpindo huo na kasi ya nyasi, ili lisimame karibu na kijitufe cheupe kuliko la mpinzani. Miguu ya ujana haifui dafu hapo. Kinachohitajika ni mkono uliouzoea uwanja kwa miaka mingi, na hapo ndipo ubaguzi unapoanzia. (Hata jina linatutatiza sisi wahariri: ukiandika tufe, msomaji hudhani ni lile linalorushwa.)

Bonde la Ufa limetoa wakimbiaji kwa kuwa barabara ya vumbi haina lango. Nyasi tambarare kama zulia zinataka maji, mashine na mtunzaji wa kila siku, na humu nchini zimestawi ndani ya klabu zenye asili ya walowezi. Huko Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, maji hunywesha waridi za kuuzwa Ulaya, na ufuo wa umma ni kipande tu kati ya mashamba ya wenyewe. Kijana wa hapo atauonea wapi mchezo huu, sembuse kuuzoea kwa miaka 20?

Swali hili lilipata uzito mwaka 2024, waandaaji wa michezo ya Glasgow ya 2026 walipopunguza fani hadi 10. Raga ya wachezaji saba kila upande, kipenzi cha Wakenya, iliachwa nje pamoja na magongo. Mchezo wa Bryant ulibakizwa, tena kwa sharti la kuchezewa ukumbini.

Sharti hilo linabadilisha hesabu. Zulia laweza kutandikwa katika ukumbi wa shule au wa kanisa bila tone la maji ya ziwa. Bryant mwenyewe alitwaa ubingwa wa dunia wa ukumbini mara tatu mfululizo, 1979 hadi 1981, na Naivasha haikosi kumbi.