Sanduku Limejaa, Mfuko Mtupu

Akina mama wapendwa, ni nani kati yetu asiyeijua raha ya kukunjua doti mpya ya khanga? Twaitazama rangi, twanyoosha pindo, twasoma jina, na mara nyingi tunakuwa tumekwisha kuipenda kabla hatujauliza bei. Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya raha hiyo na gharama yake. Maana wengi wetu ni wakusanyaji, ingawa hatujiiti hivyo. Mtu akikusanya stempu au saa za kale, watu humwita mkusanyaji. Mama mwenye doti arobaini sandukuni, na nusu yake hazijakatwa wala kupindwa, naye ni mkusanyaji vilevile.

Hatusemi kwamba kukusanya khanga ni kosa. La hasha! Khanga humpokea mtoto anapozaliwa, humbeba mgongoni, humpamba bibi harusi, na hutufunika siku ya msiba. Tunalotaka kulitazama ni namna tunavyozinunua: kwa papara, kwa mkopo, na kwa kuamini kwamba leo tumebahatika.

Tabia hii tumeitoa wapi?

Khanga ilianza pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walipoanza kushona pamoja leso za rangi zilizouzwa madukani. Mombasa hata leo watu husema leso. Baadaye wenye maduka wakaagiza kitambaa kizima kilichokwisha kuchapwa, chenye pindo na mji wake, na baadaye tena likaongezwa jina, kwanza kwa herufi za Kiarabu na kisha kwa herufi za Kirumi. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye khanga zake hubeba maneno "Mali ya Abdulla", hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo huo wa majina. Tangu enzi hizo mitindo ilibadilika upesi, na aliyechelewa alikosa.

Kuna jambo jingine ambalo mama zetu wa Tanzania walilipitia. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na khanga na vitenge vilivyotengenezwa nchini vikapatikana. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika. Sabuni ilikuwa ya kutafuta, nguo ilikuwa ya kutafuta. Ikisikika kwamba mzigo umefika dukani, mama aliacha jembe au jiko akakimbilia foleni, akanunua kilichopo, hata kama hakukihitaji siku ile. Hiyo haikuwa papara, ilikuwa busara. Tangu mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, maduka yalianza kujaa tena. Lakini tabia ilikwisha kuota mizizi, na sisi mabinti tumeirithi. Tunasimama Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo, au Barabara ya Biashara kule Mombasa, khanga zimepangwa hadi darini, na bado moyo unatuambia: chukua leo, kesho hutaipata.

Mitego minne

Mtego wa kwanza ni toleo jipya. Ni kweli kwamba mtindo ukiisha huenda usirudi. Lakini mtindo mwingine mzuri utakuja mwezi ujao, na mwingine baada ya huo. Mama anayeogopa kukosa hatamaliza kununua, kwa kuwa wachapaji hawatamaliza kuchapa.

Mtego wa pili ni mkopo. Twajua sote jinsi dada mwenye mfuko wa vitenge anavyopita maofisini, mashuleni na hata mawodini, karibu na mwisho wa mwezi. Hatumlaumu, naye anatafuta riziki yake. Lakini tufanye hesabu. Tuseme doti moja kwa fedha taslimu ni shilingi 12,000, na kwa mkopo ni shilingi 18,000, kulipa shilingi 6,000 kwa miezi mitatu. Twaona ile 6,000 ni ndogo. Kumbe tumeongeza nusu nzima ya bei. Mama akichukua doti moja ya mkopo kila mwezi, kwa mwaka atakuwa amekubali kulipa shilingi 216,000, na katika hizo 72,000 hazikumpatia hata uzi mmoja. Hapo ndipo daftari za shule zinapokosekana mwezi Januari, na mama anaanza kumkwepa yule dada langoni. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Mtego wa tatu ni sare. Harusi ya huyu, kipaimara cha yule, umoja wa akina mama, kwaya, msiba. Kila shughuli ina kitenge chake, na asiyevaa anajiona amejitenga. Sare ni jambo jema la umoja, lakini zikiwa sita kwa mwaka zinawaumiza wajane na wenye kipato kidogo, ambao huona aibu kusema.

Mtego wa nne ndio mtamu kuliko yote: bei ya kutupa. Mwenye duka anasema mzigo unakwisha, anafunga duka, anahama. Hatukutoka nyumbani kwa ajili ya khanga, tulikwenda kununua mafuta ya kupikia. Tunarudi na doti tatu na mafuta nusu lita, na njiani tunajipongeza kwamba tumeokoa fedha. Fedha iliyotumika haijaokolewa.

Bahati humfuata anayejua

Je, hakuna bahati ya kweli sokoni? Ipo. Wapo akina mama wanaopata kitambaa kizuri kwa bei ndogo mara kwa mara, na majirani husema wana nyota. Ukiwaangalia vizuri utaona kwamba wana mambo matatu: wanajua kitambaa, wana fedha taslimu, na wanajua wanachokihitaji. Hebu tujifunze kutoka kwao.

Kwanza, wao hukifikicha kitambaa baina ya viganja. Khanga nyepesi hupakwa wanga mwingi ili ionekane nzito. Ukiifikicha, wanga hutoka kama vumbi na kitambaa hulegea mkononi. Kisha huinua kitambaa kwenye mwanga. Nyuzi zikiwa zimeachana kama chandarua, khanga hiyo haitamaliza mwaka.

Pili, huomba ruhusa ya mwenye duka, wakalowesha pembe kidogo na kuikandamiza kwa kitambaa cheupe. Rangi ikitoka nyingi, hasa nyekundu na nyeusi, itaharibu nguo zote za beseni.

Tatu, hukunjua doti nzima. Hutazama kama vipande vyote viwili ni sawa, kama pindo halikupanda upande mmoja, na kama jina limechapwa lote. Mara nyingi bei ya kutupa imefichwa katikati ya mkunjo.

Nne, kwa vitenge vya wax hugeuza upande wa nyuma. Wax halisi, kama ile ya kampuni ya Vlisco iliyoanzishwa mwaka 1846 mjini Helmond, Uholanzi, rangi yake hupenya, na pande zote mbili hukaribia kufanana. Ya kuiga, nyuma huwa imepauka. Si vibaya kununua ya kuiga, ubaya ni kuilipia bei ya halisi.

Tano, huchomoa uzi mmoja pembeni na kuuchoma. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ndogo. Khanga ya poliesta hainyonyi jasho wala maji, na haimfai mtoto mchanga.

Na kuhusu sare, wenye busara huchanga fedha mapema wakaenda duka la jumla na kununua kwa korija, yaani ishirini kwa pamoja. Bei ya korija kwa kawaida iko chini ya ile ya moja moja. Bahati ya namna hiyo huitengeneza wenyewe kwa kupanga.

Sanduku lisilofunguliwa

Sasa tuseme lile ambalo sisi wauguzi huliona wodi ya wazazi, na ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike. Mama anakuja kujifungua. Amevaa khanga moja, na katika mfuko ana kipande kimoja kilichochanika. Nyumbani ana sanduku lililojaa. Ukimuuliza, anajibu kwamba zile ni nzuri, hakutaka ziingie damu.

Mtoto akizaliwa ana maji mwilini, na joto lake hushuka upesi sana. Anatakiwa akaushwe mara moja kwa kitambaa kikavu, kile kilicholowa kiondolewe, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kisha afunikwe kwa kitambaa kingine kikavu. Hapo tayari ni vipande viwili, na mama mwenyewe hajastiriwa. Kwa hiyo, mama mjamzito aandae walau vipande vinne au vitano vya khanga ya pamba. Si lazima ziwe mpya. Tena zilizotumika, zikafuliwa na kukaushwa juani, ni bora zaidi, kwa kuwa zimekwisha kutoa wanga, ni laini, na hunyonya maji vizuri. Khanga mpya ifuliwe kwanza kabla haijamgusa mtoto.

Kuna hatari nyingine ndani ya sanduku, na tunaomba kila mama aisome aya hii mara mbili. Wengi wetu huweka vile vidonge vyeupe vya naftalini ili kufukuza mende na nondo. Mvuke wake huingia kwenye nguo na kukaa humo. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kitu katika damu kiitwacho G6PD. Upungufu huu hurithiwa, na ni wa kawaida katika nchi ambazo malaria imekuwapo kwa muda mrefu, kama zetu. Mtoto wa namna hiyo akivikwa au kufunikwa nguo yenye naftalini, chembe nyekundu za damu yake huweza kuvunjika. Hugeuka manjano machoni na kwenye ngozi, mkojo huwa wa rangi ya chai, husinzia mno na kukataa kunyonya. Umanjano ukizidi huweza kuharibu ubongo wake maisha yote, au kumuua. Ukiona dalili hizo usisubiri, wala usimwanike juani ukitumaini zitakwisha. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nguo za mtoto, pamoja na khanga za kujifungulia, zisiwekwe kabisa pamoja na naftalini. Ziwekwe safi, zikiwa kavu kabisa, katika mfuko wake peke yake. Za kwetu wakubwa zianikwe juani mara kwa mara na sanduku lipanguswe. Wengi huweka karafuu au majani makavu ya mwarobaini, na nguo hunukia vizuri.

Tufanye nini basi?

Tuanze kwa kufungua sanduku. Toa zote, zihesabu, zipange kitandani. Wengi tutakuta doti tulizosahau, nyingine zimeota madoa ya kutu au kukatika kwenye mikunjo. Husemwa akiba haiozi, lakini khanga huoza. Tenga za kuvaa sasa, za kujifungulia kama kuna mjamzito nyumbani, za msiba na za kumpa binti. Zinazobaki zikiwa nyingi, mkumbuke jirani anayekaribia kujifungua.

Pili, tuweke fungu la nguo katika matumizi ya mwezi, hata likiwa dogo, likae katika bahasha yake. Toleo jipya likija na bahasha ina fedha, nunua kwa furaha, kwa taslimu. Ikiwa tupu, subiri.

Tatu, tulale usiku mmoja. Tukiona khanga na moyo ukatushika, turudi nyumbani kwanza. Ikiwa asubuhi bado twaikumbuka rangi yake na jina lake, na kazi yake twaijua, turudi tukainunue. Nyingi tutakuwa tumezisahau kabla ya chai.

Nne, tusiifiche. Mama anayepitisha kitenge mlango wa nyuma na kumwambia mumewe kwamba ni cha zamani, analipa zaidi ya bei ya dukani. Baba akija kulijua deni kutoka kwa mdai, hatauliza juu ya kitenge tu. Atauliza ni mangapi mengine hakuambiwa. Ni heri kusema mapema, "Baba fulani, nina deni la vitenge, nimebakiza kiasi hiki, na nitalimaliza mwezi fulani." Maneno hayo ni mazito siku moja, kisha nyumba hupumua.

Na mwisho, tuzivae khanga zetu! Ile doti nzuri uliyoiweka kwa ajili ya wageni, ikate, ipinde, jifunge kesho ukiwa nyumbani mwako. Wanao wakuone umependeza siku ya kawaida. Doti iliyovaliwa mpaka ikalainika, ikambeba mtoto, ikamkausha mjukuu, hiyo ndiyo iliyopatikana kwa bei rahisi, hata kama dukani ilikuwa ghali.

Tukutane tena mwezi ujao.