Fangasi wa mapafu: Kisu huponya, lakini si kila mgonjwa hukimudu

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari kwa binadamu, mwezi Oktoba mwaka 2022, liliweka aina mojawapo ya fangasi waitwao aspajilasi katika kundi la juu kabisa. Kwa Afrika Mashariki, onyo hilo linawahusu hasa watu waliokwisha kuambiwa kuwa wamepona kifua kikuu.

Kifua kikuu huweza kuacha tundu ndani ya pafu. Vijimbegu vya aspajilasi, ambavyo kila mtu huvivuta pamoja na hewa, hutua humo, vikaota na kufanya donge. Mgonjwa hukonda na kukohoa damu, na pengine hurudishiwa dawa za kifua kikuu zisizoweza kumsaidia.

Utafiti uliofanywa Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, uliwachunguza watu 398 waliokwisha kutibiwa kifua kikuu. Miongoni mwa wale ambao eksirei ilionyesha matundu mapafuni, takriban robo walikuwa na maradhi haya.

Kuikata sehemu ya pafu yenye donge ndiyo tiba inayoweza kuumaliza ugonjwa. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2016 inapendekeza upasuaji pale donge linapokuwa moja, katika tundu moja, na mgonjwa akiumudu.

Hapo ndipo penye utata. Anayetokwa na damu nyingi ndiye anayekihitaji kisu zaidi, na mara nyingi ndiye asiyekimudu. Pumzi yake ni fupi, mwili umedhoofu, na pafu limeshikamana na ukuta wa kifua, hivyo kulibandua humwaga damu. Baada ya upasuaji, hewa huweza kuvuja na usaha kukusanyika.

Kwake yeye hubaki njia nyingine: kuuziba mshipa unaovuja kwa kupitisha mrija mwembamba, kulifungua tundu na kuliondoa donge bila kukata pafu, au kumeza dawa kama itrakonazoli kwa miezi mingi. Lakini mshipa uliozibwa huweza kuvuja tena, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huipunguzia itrakonazoli nguvu.

Kwa hiyo suala kubwa haliko katika chumba cha upasuaji. Mgonjwa wa kifua kikuu hufutwa daftarini amalizapo dawa. Eksirei na kipimo cha damu kwa anayeendelea kukohoa vingemfikisha kwa mpasuaji angali na nguvu. Anayechelewa humwachia daktari uchaguzi baina ya hatari mbili.