Sheria za afya za dunia ziko mtandaoni, tuzisome wenyewe

Wengi wetu tunaoishi Muscat, London au Toronto tunaijua vyema kadi ya chanjo ya homa ya manjano tunayoibeba pamoja na pasipoti tunapokwenda nyumbani. Zamani kadi hiyo ilihesabiwa kuwa halali kwa miaka 10. Tangu Julai 11, 2016 mambo yamebadilika. Kiambatisho cha 7 cha Kanuni za Afya za Kimataifa kinasema kadi ni halali kwa maisha yote ya aliyechanjwa, na hilo linazihusu hata kadi zilizotolewa kabla ya tarehe hiyo. Hata hivyo bado tunawasikia wenzetu waliochanjwa upya na kulipa upya kwa sababu tu mtu aliwaambia kadi imekwisha muda wake, nao hawakuwa na la kumjibu.

Sheria ipo, imewekwa hadharani na kuisoma hakulipiwi. Lakini haimsaidii asiyejua ilipo.

Kuna hasara kubwa kuliko pesa ya sindano. Mwaka 2008 Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia. Maana iliyopewa neno "bandia" ilikuwa pana mno, hata dawa halali za jeneriki, zile za bei nafuu zinazofanya kazi sawa na dawa za kampuni kubwa, zingeweza kuzuiwa. Watu watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikwenda mahakamani. Aprili 20, 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu mjini Nairobi aliamua kwamba vifungu hivyo, kwa upande wa dawa za jeneriki, vinavunja haki ya uhai, ya utu na ya afya. Hakuishia kwenye Katiba ya 2010, bali aliutazama pia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa mwaka 1966. Kwa hiyo karatasi iliyotiwa saini mbali ikasaidia kulinda vidonge vya mgonjwa wa Kenya. Hukumu nzima inapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law.

Basi mtu aanzie wapi? Ukiuliza Google utaletewa kwanza magazeti na maoni ya watu. Sisi tunashauri uende kwenye chanzo. Kanuni za Afya, mkataba wa kudhibiti tumbaku na maazimio ya Mkutano Mkuu wa Afya yamo katika tovuti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, na katika hazina yake ya nyaraka iitwayo IRIS. Ukitaka kujua kama nchi yako imejiunga na mkataba fulani, fungua orodha ya mikataba ya Umoja wa Mataifa, na uangalie vizuri, maana kutia saini si kuridhia. Mambo ya dawa na hataza yako kwa Shirika la Biashara Duniani: humo utaona Azimio la Doha la 2001, na uamuzi wa 2015 unaozipa nchi maskini zaidi, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, ruhusa ya kutotoa hataza za dawa hadi Januari 1, 2033. Kenya haimo katika kundi hilo. Kisha rudi nyumbani: TanzLII kwa Tanzania, ULII kwa Uganda, na hiyo Kenya Law.

Daima tazama tarehe. Kanuni za Afya zilirekebishwa Juni 2024, na marekebisho yakaanza kutumika Septemba 19, 2025 kwa nchi ambazo hazikuyakataa. Marekani iliyakataa Julai 2025. Kwa hiyo ndugu wawili, mmoja Marekani na mwingine kwenye nchi iliyoyakubali, hawafungwi na maneno yale yale.

Tunasisitiza hayo kwa sababu tumeona madhara ya kutosoma. Mei 20, 2025 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mkataba wa kukabili milipuko ya maradhi duniani. WhatsApp ikajaa habari kwamba WHO sasa itafunga nchi na kulazimisha chanjo. Mkataba wenyewe unasema wazi kwamba hauipi WHO mamlaka hayo. Jambo lililostahili kujadiliwa likapita kimya: nchi inayotoa sampuli za virusi itapata nini katika chanjo na dawa zitakazotokana nazo? Swali hilo halikumalizwa siku ile. Liliachwa lijadiliwe katika kiambatisho, na ndilo linaloihusu Afrika kuliko uvumi wote ule.

Lipo pia tatizo la lugha. WHO ina lugha rasmi sita, na Kiswahili hakimo. Lakini tusikae tukiwalaumu wa Geneva. Miongoni mwetu huku ughaibuni wamo wanasheria, wauguzi, wakalimani, na wanafunzi ambao vyuo vyao vimewalipia majarida ambayo mtu wa nyumbani hawezi kuyanunua. Kila mmoja akichukua kifungu kimoja, akakitafsiri kwa Kiswahili cha kueleweka, akaweka tarehe na mahali alipokitoa, tutakuwa tumefanya kazi kubwa. Tanzania ilikwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama mwaka 2021, kwa hiyo maneno hayo yana pa kutumika.

Ndugu zetu nyumbani hutuuliza kila mara: "Nyinyi mlioko huko, hili ni kweli?" Tusiwajibu kwa kuwarushia ujumbe mwingine tuliorushiwa. Tuwatumie kifungu chenyewe, kwa lugha yao.