Radi yetu inahesabiwa angani, hapa chini nani anaandika?



Siku tulipoanza kuzunguka na daftari hapa Nyangwe, mzee mmoja alitucheka. "Bana, munaandika kukatika kwa moto gani? Moto hata haiko!" Watu wote kwenye kibanda cha kuchaji telefone wakacheka, na sisi pia tukacheka. Lakini swali la mzee lilitufuata mpaka nyumbani. Leo tunataka kulijibu.

Ni kweli, hapa hakuna nguzo za SNEL. Waya mkubwa wa Inga unapita mbali kwenda Katanga, na vijiji vingi vilivyo chini yake viko gizani mpaka leo. Moto wetu sisi ni pano ya sola juu ya manjanja, betri moja chini ya meza, na jenereta ndogo kwa mwenye pesa ya mafuta. Njo maana tunafikiri delestaji ni shida ya watu wa Kindu, Bukavu na Goma. Hapo tunajidanganya. Moto mdogo nao unakatika, tena ukikatika hakuna hata kampuni ya kulalamikia.

Mvua moja kubwa ilitufundisha. Upepo ulitangulia jioni, ukabeba manjanja ya nyumba pamoja na pano zilizofungwa juu yake. Radi ikapiga mti karibu na kituo kimoja cha afya, ikapita ndani ya waya, ikaunguza kile kifaa kinachogeuza moto wa betri. Usiku ule mama mmoja alizalishwa kwa mwanga wa telefone ya mkunga, na telefone yenyewe ilikuwa inakaribia kuzima. Mtoto yuko mzima, Mungu asifiwe. Lakini baada ya wiki mbili tulipouliza mambo yalikwenda namna gani, mmoja alisema ilikuwa Jumanne, mwingine Alhamisi, mwingine siku ya soko. Ni saa ngapi radi ilipiga? Moto ulikosekana siku ngapi? Hakuna aliyeandika. Kwa mtu aliye ofisini Kindu au Kinshasa, jambo lile halikutokea.

Cha ajabu ni kwamba radi za kwetu zimeandikwa vizuri sana, lakini kutoka angani. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa hesabu ya radi za dunia nzima, waliyoitoa kwenye satelaiti kwa miaka 16, toka 1998 mpaka 2013. Wa kwanza ni Ziwa Maracaibo, kule Venezuela. Wa pili ni Kabare, Kivu ya Kusini. Na wa tatu ni Kampene. Ndiyo, Kampene hii hii ya Pangi, humu humu Maniema: miali zaidi ya 176 kwa kila kilomita ya mraba, kila mwaka.

Basi watu wa mbali wanajua radi zetu ni ngapi. Lakini satelaiti inaona mwali tu. Haioni friji ya chanjo iliyozimika, haioni shule iliyopoteza manjanja, haioni mama aliyenunua pano kwa akiba ya mwaka mzima na akaipoteza kwa dakika moja. Hiyo ni kazi ya mtu aliye chini, mwenye kalamu.

Sisi watu wa Nyangwe tunapaswa kuijua nguvu ya kalamu kuliko wengine. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa watumwa walifyatua risasi katika soko letu, kando ya Lualaba. Livingstone alikuwepo, akaandika kwamba waliokufa walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia, kwa hiyo aliandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino uliotengenezwa na mmea wa huku. Maandishi yale yalifika Ulaya na yakaongeza hasira dhidi ya biashara ya watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Hatusemi haya ili kumsifu mgeni. Tunasema kwamba wazee wetu waliumia na mgeni ndiye aliyekuwa na daftari. Leo sisi tumesoma. Tutangoja mgeni gani tena?

Kuna jambo lingine linalotuuma. Pale ambapo hakuna maandishi, radi inatafutiwa mwenyewe. Ikiua mtu, wengine wanasema imetumwa, na kidole kinaelekezwa kwa mzee fulani au mama mjane asiye na wa kumtetea. Daftari linaloonyesha kwamba katika msimu mmoja radi ilipiga miti mirefu, minara na nyumba nyingi, za matajiri na za maskini, linaweza kuokoa mtu.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya maji safi na ya umeme. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa wengine zaidi ya SNEL, na serikali ikaunda ANSER kwa ajili ya vijiji na pembezoni mwa miji. Ofisi ya hali ya hewa, METTELSAT, iko pia. Lakini tukienda kwao kusema tu "tunataka moto", tunaenda mikono mitupu. Tukienda na daftari la msimu mzima, atakayekuja kutujengea hawezi kusema hakujua radi za huku.

Ndugu zetu wa Kenya, moto ukipotea, wanaripoti na kupewa namba ya lalamiko. Si kwamba moto unarudi palepale. Lakini mtu ana namba, na kesho anaweza kuuliza, "Namba yangu imefika wapi?" Sisi tujitengenezee namba zetu wenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kila mtaa uwe na daftari moja na vijana wawili. Waandike vitu vitano: siku, saa, mvua na upepo vilikuwa namna gani, nini kiliharibika, na moto ulirudi siku gani kama umerudi. Kila tukio lipewe namba. Rezo ikipatikana, tutume picha. Rezo isipopatikana, daftari lipande pikipiki mpaka Kasongo. Muda tunao: wengi wetu diploma ziko kwenye sanduku na kazi hakuna.

Lakini wandugu, hakuna picha yenye thamani ya maisha yako. Radi ikinguruma, ingia ndani ya nyumba, usikae chini ya mwembe. Chomoa telefone na waya za pano kabla mvua haijafika. Waya ukianguka, usiuguse na usiwaache watoto wausogelee. Andika kesho yake.

Kwa wakubwa wetu tunaomba mambo matatu. Kwanza, chefu apokee daftari kila mwezi na kuligonga muhuri. Pili, msimamizi wa teritwari ya Kasongo atujibu kwa maandishi, hata kama jibu ni kwamba pesa hakuna. Tatu, yeyote atakayeleta sola kwenye kituo cha afya au shule aweke pia waya wa kushusha radi ardhini, na afundishe mtu wa hapa kuutunza. Pano bila waya ule ni zawadi ya msimu mmoja.

Na kwa yule mzee wetu aliyecheka: baba, ulisema kweli, moto haiko. Lakini ule kidogo tulio nao tunaupoteza kila mvua, na hakuna anayejua. Tutapita kwako wiki hii. Tuambie radi zilizopiga mtaani kwako, hata za zamani. Tutaziandika.